"Hajaonekana" Siyo "Hana": Niliyowaambia Watu wa Maabara Kigoma

Haya ni yale niliyoongea kwenye kikao chetu cha watu wa maabara na wa kliniki hapa Kigoma. Kuna waliokosa wakaniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni maana nikianza kuyapiga pasi yatakuwa ripoti, na ripoti hakuna anayesoma.

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi, na nyie wa kliniki mliojibanza kule karibu na mlango sogeeni mbele, hatung'ati sisi, tunachukua damu tu.

Najua nimepewa saa mbaya. Ugali na mgebuka umeshashuka, feni inayozunguka ni moja, halafu MC kanitangaza kwamba nakuja kuongelea magonjwa ya ngozi ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, sasa na jina refu hivo nani hatasinzia. Ndo jina lake rasmi lakini. Mi nayaita magonjwa ya "mpe krimu aende". Shirika la Afya Duniani wana orodha yao ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, yamefika 21 sasa, na angalau 10 kati ya hayo yanajionyesha kwenye ngozi, yaani yako nje kabisa yanaonekana, na bado tunayapita. Upele ambao kila mtu humu ndani amewahi kujikuna uliingizwa kwenye orodha 2017, juzi tu hapo, wakati inakadiriwa watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao muda wowote ukihesabu.

Siwezi kuyamaliza yote. Nimekuja na neno moja ambalo tunaliandika kila siku kwenye fomu za majibu, neno "hasi", na nitaanza na hasi yangu mwenyewe, ya ukoma.

Nilikuwa nimetoka chuo miaka michache, niko kituo kimoja ukanda wa ziwa, sikitaji maana kosa lilikuwa langu. Akaja mzee mmoja, mvuvi wa dagaa. Ana mabaka mgongoni, uso umenawiri unang'aa kama kapaka mawese, masikio yamejaa. Alishapewa dawa za fangasi mara mbili sehemu tofauti. Fomu aliyokuja nayo imeandikwa "kipimo cha ngozi", basi, hakuna kingine. Nikashika wembe. Chuoni nilifundishwa ndiyo, ila mara moja, tulikuwa darasa zima tunachungulia mabega ya wenzetu. Nikakata sikio, damu ikachuruzika, nikapaka ileile damu kwenye slaidi, nikaipika na rangi kama ninavyopika makohozi ya TB, nikaosha na asidi ya makohozi kwa dakika zilezile za makohozi, nikaangalia fildi kama thelathini hivi, yaani vile vieneo unavyoviona kwenye maikroskopu kila ukisogeza slaidi, huku foleni ya malaria imejaa mlangoni na mtoto analia, sikuona kitu, nikaandika hasi. Mzee aliondoka amefurahi. Alinishika mkono kabisa.

Miezi kadhaa baadaye mratibu wa TB na ukoma wa wilaya kaja kwa usimamizi, anapita kwenye benchi anamkuta yule mzee amekuja na kidonda cha mguu, ukimuuliza kimetokana na nini hajui, maana hakusikia wakati anaumia. Mratibu akamshika masikio, akamgusa nyuma ya kiwiko akakuta mshipa wa fahamu umevimba kama kamba ya wavu, akaniita. Tukachukua sampuli upya, yeye anakata mi naangalia, tukaipika upya na tukakaa chini wote wawili tukasoma. Plasi nne, yaani bakteria wamejaa. Na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilishaanza kujikunja, mkono wa mvuvi huo, wa kuvuta wavu. Mzee akaniangalia akasema, "Mwanangu, si ulisema sina?"

Mi sikusema hana, niliandika hasi. Ila yeye alisikia hana, kliniki walisoma hana, na mimi nikiwa mkweli mbele yenu nilimaanisha hana.

Sasa tuyaangalie makosa yangu, maana hayakuwa moja na hakuna hata moja lililotokana na kukosa mashine.

La kwanza ile damu. Bakteria wa ukoma sisi hatumtafuti kwenye damu, tunamtafuta kwenye ngozi, kwenye majimaji ya tishu, kwa hiyo kabla hujakata lazima uibane ile ngozi kwa kidole gumba na cha shahada mpaka iwe nyeupe, yaani damu imekimbia, na ukishabana usiachie. Unakata urefu wa milimita 5, kina milimita 2 mpaka 3, kisha unageuza wembe unaulaza upande kama mtu anayekwangua nazi iliyobaki kwenye kifuu, unakwangua kuta za lile jeraha mara mbili tatu, unapata kamajimaji kazito kidogo, hako ndo kenyewe. Ukiona nyekundu umeachia kidole, futa, bana tena. Unapaka duara dogo kwenye slaidi, siyo unaitandaza kama siagi ya kwenye mkate wa hotelini, ukiitandaza umewatawanya. Ndewe za masikio zote mbili, na baka lenyewe pale pembeni linapokua, usichukue katikati ambapo pameshapoa. Wembe mmoja mgonjwa mmoja, hili sihitaji kulisema lakini nimelisema.

La pili, na hapa naomba mniangalie vizuri hata wanaosinzia, ni asidi. Bakteria wa ukoma na wa TB ni ndugu, wote wanashika rangi nyekundu ya ZN (Ziehl-Neelsen, ile ya kupika) na hawaiachii kirahisi ukiwamwagia asidi, ila huyu wa ukoma mshiko wake ni legevu. Asidi ya alkoholi ya asilimia 3 tunayotumia kwenye makohozi inaweza kumvua nguo. Yeye anataka ya asilimia 1, na unasimama pale rangi inapoacha kutiririka, husimami kwa sababu saa imesema dakika tatu. Mi nilimuosha mpaka akabaki bluu kama kila kitu kingine, halafu nikasema simuoni, sasa ningemuonaje. Kwa hiyo chupa iwe yake, iandikwe UKOMA kwa maka peni, isikae rafu moja na ile ya TB kwa sababu saa tisa mchana umechoka mkono unachukua chupa yoyote ya karibu.

Na hili linazidi kuwa gumu siku hizi kwa sababu ya maendeleo yetu wenyewe. GeneXpert zimekuja, zile mashine za kupima TB, tumeshukuru, makohozi yanaingia kwenye katriji jibu linatoka, na mikono yetu imeanza kuisahau ZN. Vijana waliotoka chuo mwaka juzi kuna ambao hawajawahi kuipika kwa moto peke yao. Ila ile mashine inatafuta vinasaba vya TB, ukiiwekea majimaji ya ndewe la mtu mwenye ukoma itakwambia haijaona TB, na ni kweli haijaona, hukuiuliza ukoma. Nimeshakutana na sampuli ya ngozi imeingizwa kwenye katriji, jibu likarudi hasi, faili likafungwa. Kwenye ukoma hakuna njia ya mkato. Huyu bakteria daktari Hansen wa Norwe alimuona mwaka 1873, miaka tisa kabla Koch hajatuonyesha wa TB, na mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kumuotesha kwenye chupa ya maabara. Wanamkuza kwenye nyayo za panya na kwenye mnyama mmoja wa Marekani anaitwa armadillo, kakakuona wa kwao. Sasa kama Ulaya na mitambo yao hawajaweza kumuotesha, mimi na wewe hapa Kigoma kitu cha kuanzia tulichonacho ni kilekile walichonacho wao, wembe, rangi, lenzi ya mafuta na uvumilivu. Kwenye hili tuko sawa nao, na mambo tuliyo sawa nao ni machache, kwa hiyo msilidharau.

Uvumilivu nimesema. Fildi 100 ndo uandike hasi. Siyo thelathini, na foleni ya malaria isikutishe. Ukiona mmoja mpaka kumi kwenye fildi 100 ni plasi moja, inapanda hivo mpaka plasi sita ambapo wako zaidi ya elfu kwenye fildi moja wamejikusanya mafungumafungu kama sigara kwenye pakiti. Na maji. Jamani maji. Maji ya bomba au ya ziwa yanaweza kuwa na bakteria wao wenyewe wanaoshika rangi ileile, hawana ubaya na mtu lakini ukisuuzia slaidi wanabaki pale na unaweza kumuanzishia mtu dawa ya mwaka mzima kwa sababu ya bakteria wa kwenye ndoo. Maji yaliyochujwa au distiled, na rangi uichuje kabla ya kuimwaga maana punje za rangi zisizoyeyuka zimeshawadanganya wakubwa.

Haya, hapa nawageukia wa kliniki, msijifanye mnaangalia simu.

Tuseme nimefanya kila kitu sawa, wembe sawa, asidi sawa, fildi 100, nikaandika hasi. Bado haimaanishi hana. Mtu mwenye mabaka machache, moja mpaka matano, kundi lile la dawa mseto ya miezi 6, bakteria wake ni wachache kiasi kwamba slaidi yake kwa kawaida ni hasi, na ukoma anao. Plasi nyingi utaziona kwa yule wa miezi 12, mwenye mabaka zaidi ya matano, masikio yamejaa, kama mzee wangu. Baka ambalo limepoteza hisia kabisa hilo peke yake ni ukoma, mshipa wa fahamu uliovimba kwenye eneo lisilo na hisia au lenye misuli iliyolegea ni ukoma, halafu slaidi ni la tatu, na kimoja tu kati ya hivyo vitatu kinatosha. Kwa hiyo kipimo cha kwanza mnacho nyinyi, ni kipamba. Unakichonga ncha, unamuonyesha mgonjwa kwanza kwenye ngozi nzima akiwa anaangalia, kisha unamwambia afumbe macho aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Dakika tatu. Umeme hauhitaji, na nyie mnaokumbuka enzi za majenereta hapa mjini mnajua umeme usiohitajika ni raha kiasi gani.

Na ile fomu. "Kipimo cha ngozi" siyo ombi. Ni sawa na mtu kukutuma sokoni ununue "chakula". Niandikie baka liko wapi, lina muda gani, hisia zipo au hazipo, na kapaka nini. Hilo la kapaka nini nitalirudia.

Kwa nini naling'ang'ania hivi, kwa sababu ugonjwa huu unakaa kimya wastani wa miaka mitano, wengine miaka 20 na zaidi, ndo uanze kuonekana, halafu ukionekana tunaupotezea tena mwaka. Dawa ni bure, Shirika la Afya Duniani limezitoa bure tangu 1995, zinaua bakteria vizuri kabisa. Ila mshipa wa fahamu ukishakaa umeharibika zaidi ya miezi sita hivi, vidonge vya kutuliza uvimbe navyo havirudishi kitu. Yule mzee alipona ukoma. Vidole havikunyooka.

Tuingie kwenye fangasi, hapa nitakwenda haraka kidogo ila siyo sana maana ndo kazi ya kila siku. Mapunye, mashilingi, mba. KOH, ile dawa ya kuyeyusha ngozi, kila mtu anayo, na karibu kila mtu anaiharakisha. Unaweka magamba kwenye slaidi, tone la KOH, kioo cha kava, halafu dakika ya pili mtu ameshainamia maikroskopu anasema hakuna kitu. Iache. Dakika kumi mpaka ishirini kwa ngozi, kucha hata ukaiacha usiku kucha kwenye chombo chenye unyevu. Inatakiwa ile ngozi iyeyuke ibaki nyuzi za fangasi zikitembea katikati ya seli, zina matawi, zina vigingi ndani, usizichanganye na uzi wa pamba ya shati lako. Shusha kondensa mwanga upungue, ukiwa na mwanga mwingi nyuzi zinapotea kama samaki kwenye jua. Ukitia tone la wino wa bluu wa kalamu ya kujaza unaziona vizuri zaidi, ujanja wa zamani huo. Kwa mapunye usikwangue magamba tu, ng'oa kwa koleo vile vinywele vilivyokatikia usawa wa ngozi, vinaonekana kama vidoti vyeusi, fangasi amejazana ndani ya unywele wenyewe.

Na kapaka nini. Nusu ya wanaokuja kwangu wameshapaka ile krimu ya mchanganyiko ya duka la dawa yenye steroidi ndani, au mkorogo wa kung'arisha, na hiyo inatuliza muwasho huku fangasi anakula vizuri zaidi chini yake, lile duara zuri la kitabuni linapotea, linabaki kitu hakina sura, kliniki wanaandika aleji. Mfute na spiriti kwanza, mafuta yatoke, ndo ukwangue, pembeni ya duara siyo katikati. Na wenzangu wa zahanati za Uvinza na Kakonko ambao hamna maikroskopu, magamba makavu yakunjeni kwenye karatasi, andikeni jina, mpeni dereva wa basi. Karatasi, siyo mfuko wa nailoni, kwenye nailoni yanatoka jasho yanaoza, kwenye karatasi yanakaa wiki kadhaa bila friji. Sampuli gani nyingine inakubali kusafiri kwa basi bila barafu.

Upele. Tone la mafuta, hata ya kula, juu ya kale kanjia ka mdudu kati ya vidole au kwenye kifundo cha mkono, ambako mgonjwa hajakakuna, kwangua na mafuta yake, angalia kwa lenzi ya kumi. Mdudu, yai, au kinyesi chake, kimoja kinatosha. Na hapa tena lile neno letu, mtu mzima mwenye upele wa kawaida mwili mzima ana wadudu kama 10 mpaka 15 tu, kwa hiyo kumkosa ni jambo la kawaida kabisa, usimnyime mtu dawa eti slaidi hasi wakati nyumba nzima inajikuna usiku. Waliofanya kazi kambi ya wakimbizi Nyarugusu wanalijua hili kuliko mimi, watu wengi kwenye chumba kimoja, unamtibu mmoja wiki ijayo amerudi. Wanapakwa siku moja wote, hata yule asiyewashwa, maana anayeambukizwa mara ya kwanza anakaa wiki nne mpaka sita ndo aanze kuwashwa.

Funza tusipimane, yule anaonekana kwa macho, kidoti cheusi katikati ya kivimbe cheupe, ukimpeleka maabara tutakucheka. Nimtaje tu kwa kuwa ni mgeni aliyejifanya mwenyeji, hakuwepo Afrika kama tunavyodhani, inasemekana aliteremka na meli iliyotoka Brazil ikatia nanga Angola mwaka 1872 na ndani ya miaka kama 25 akawa ameshavuka bara lote mpaka pwani yetu, kwa miguu ya wapagazi. Njia za misafara. Sisi na Ujiji yetu tunazijua.

Na mpox, ile homa ya nyani, kwa sababu tunapakana na Burundi na Kongo iko ng'ambo ya maji hapo, mnaniuliza kila siku. Ukiona malengelenge yenye kidimbwi katikati, yote rika moja, na homa na matezi, weka wembe chini. Hakuna slaidi ya mpox. Glavu, barakoa, swabu mbili kutoka kwenye malengelenge tofauti, paketi mara tatu, baridi, piga simu kwa mratibu wa magonjwa ya mlipuko kabla hujamgusa siyo baada, inapimwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba vya kirusi. Hapo mbio zako ni za kusafirisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na la fomu za majibu, na hili nimeshalianza kwangu. Siandiki hasi peke yake tena. Naandika: bakteria hawajaonekana kwenye fildi 100, sampuli ndewe zote na baka la mgongo, majimaji bila damu. Ikiwa ilikuwa na damu naandika ilikuwa na damu, rudieni. Inachukua mstari mmoja zaidi. Daktari mmoja alinipigia akaniuliza siku hizi umekuwa mwandishi wa habari, nikamwambia ndiyo dokta, na wewe niandikie hisia za baka.

Sasa chai iko tayari lakini kabla ya chai, meza ya nyuma pale kuna wembe, kuna ZN mbili, chupa moja ya asilimia 1 na moja ya asilimia 3 ili muone tofauti kwa macho yenu, na slaidi ya plasi nne tuliyoazimwa kwa mratibu. Na kuna beseni limefunikwa, msiogope, ni masikio ya mbuzi, nimeyachukua buchani Mwanga asubuhi yakiwa ya moto na nimeyanyoa mwenyewe, muuza nyama kaniuliza supu ya watu wangapi. Kila mtu atabana, atakata, atakwangua. Hayatoi damu kama ya mtu, kwa hiyo kubana mtajaribia kwenye ndewe zenu wenyewe bila wembe, mpaka ziwe nyeupe. Wa kliniki mnaanza.